Kupima mtiririko wa damu ndani ya mfupa kwa chembe zinazong'aa: hatua kwa hatua maabarani

Mfupa una damu nyingi kuliko unavyoonekana. Daktari wa upasuaji akitoboa fupa la paja lililo hai, damu huchuruzika kutoka kwenye tundu. Akitoboa kichwa cha fupa kilichokufa, haitoki, au inatoka kidogo sana. Hicho ndicho kipimo cha kale: toboa, tazama. Kwenye chumba cha upasuaji kinasaidia. Kwa mtu anayetaka kujua dawa fulani imeongeza damu kwenye mfupa uliovunjika, au kwa nini kichwa cha fupa la paja hufa kwa wagonjwa wengi wa selimundu, hakitoshi. Anahitaji namba: mililita ngapi za damu, kwa dakika moja, kwa kila gramu 100 za mfupa.

Mwongozo huu ni wa kuipata namba hiyo kwa njia ya chembe, ambazo wataalamu huziita maikrosfia. Rudolph na Heymann walizitumia mwaka 1967 kupima jinsi damu inavyogawanyika mwilini, na tangu hapo zimekuwa rula ambayo njia nyingine hupimiwa. Nimeuandika kwa mtafiti au fundi wa maabara ambaye tayari anajua kumlaza mnyama na kumwekea katheta, yaani mrija ndani ya mshipa wa damu. Mfano wangu ni sungura wa kilo 3 hivi, kwa sababu mifupa yake inatosha kukatwa vipande na bado ni mnyama anayemudika.

Wazo lenyewe

Chembe ni tufe dogo la plastiki ya polistirini lenye upana wa mikromita 15. Kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyingi zina upana usiozidi mikromita 10. Ukiziingiza chembe upande wa kushoto wa moyo, zikachanganyika vizuri na damu, zitasafiri na damu mpaka kila moja ikwame kwenye mshipa wa kwanza unaoibana. Kiungo kilichopokea damu mara mbili ya kingine kitanasa chembe mara mbili. Basi kuhesabu chembe ni kuhesabu damu.

Ukubwa huo haukuchaguliwa ovyo. Chembe ndogo zaidi hupenya kapilari na kutokea upande wa vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Kubwa zaidi hukimbilia katikati ya mkondo na kukwama mapema kwenye vijiateri, kwa hiyo zinapotosha mgawanyo. Kwa mfupa, kaa kwenye mikromita 15.

Zipo za mionzi na zipo zinazong'aa, yaani zenye rangi ndani yake ambayo mwanga wake hupimwa kwa mashine na kugeuzwa kuwa idadi ya chembe. Za mionzi zina raha moja kubwa: kipande cha mfupa unakitia moja kwa moja kwenye mashine ya kuhesabu gama, huna haja ya kukiyeyusha. Ila zinataka kibali (kwa Tanzania ni cha Tume ya Nguvu za Atomiki), chumba maalumu, na mahali pa kuhifadhi taka mpaka zipoe. Na kuna mtego ambao hauko kwenye viungo vingine. Alama moja inayotumika sana ni strontiamu 85, na strontiamu hupenda mfupa kama kalisi inavyoupenda. Ikichuruzika kidogo tu kutoka kwenye chembe, ile iliyo huru huenda kukaa kwenye mfupa, nawe utaihesabu kama damu. Anayetumia chembe hizo azioshe, azizungushe kwenye sentrifuji na apime maji ya juu kabla ya kila jaribio. Mimi nafuata njia ya zinazong'aa, na hatua zote hapa chini ni zake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya chembe kabla hujamgusa mnyama

Hapa ndipo kazi nyingi za mfupa huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chembe hukwama kwa bahati, na bahati ina kanuni yake. Kipande kikiwa na chembe 400, kosa la kubahatisha ni kama asilimia 10 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kikiwa na chembe 100, kosa ni asilimia 20. Kikiwa na 25, ni asilimia 40, na hapo hakuna unachoweza kusema. Kiwango cha chembe 400 kwa kila sampuli kilielezwa na Buckberg na wenzake mwaka 1971, na bado ndicho tunachokishika.

Kwa figo hilo si tatizo kabisa. Figo hujaa chembe. Ganda gumu la mfupa ndilo lenye shida, maana damu yake ni kidogo. Tuchukulie moyo wa sungura wetu unasukuma mililita 500 kwa dakika, na ganda la muundi (mfupa wa mguu chini ya goti) linapokea mililita 3 kwa dakika kwa gramu 100. Kipande cha gramu 1 kinapata mililita 0.03 kwa dakika. Gawanya kwa 500: ni sehemu 6 katika kila 100,000. Ukiingiza chembe milioni 1, kipande hicho kitapata chembe 60. Ukitaka 400, unahitaji karibu milioni 7.

Una njia tatu. Ongeza chembe, lakini uangalie shinikizo la damu lisitikisike, kwa kuwa kila chembe inaziba mshipa mmoja. Au kata vipande vikubwa zaidi. Au unganisha vipande vya eneo moja na uvisome kama sampuli moja. Mimi napendelea kukata vikubwa. Ramani ya mfupa yenye vipande ishirini vya chembe thelathini thelathini inapendeza kwenye karatasi, lakini haina ukweli ndani yake.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Katika mfululizo wangu wa kwanza nilikata muundi vipande vyembamba nikiamini nitaona damu ikipungua kuelekea kwenye mvunjiko. Nikaiona kweli, nikafurahi. Nilipogeuza namba za mwanga kuwa idadi ya chembe, kipande changu "kilichokufa" kilikuwa na chembe 11 na jirani yake 19. Tofauti hiyo huletwa na bahati tupu. Wanyama sita walikuwa wameshakufa. Tangu siku hiyo siombi kibali cha maadili bila ukurasa wa hesabu hii kuambatishwa, na ningependa kila kamati iudai.

Hatua ya pili: mnyama na mirija

Chagua dawa moja ya usingizi na uishike kwa wanyama wote. Ketamini pamoja na zailazini ni rahisi kupatikana, lakini zailazini inabana mishipa na kubadili shinikizo. Isoflureni inatawalika vizuri zaidi kama una mashine yake. Kumbuka kwamba mishipa ya mfupa inasikia neva na homoni: mnyama mwenye baridi, au ambaye usingizi wake ni mwepesi, hubana mishipa na mfupa unanyimwa damu. Weka blanketi la joto, pima joto la mwili, na baada ya kuweka mirija yote mwache atulie nusu saa kabla ya kuingiza chochote.

Mrija wa kwanza unapita ateri ya shingo ya kulia mpaka ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Usikisie kwamba umefika. Tazama wimbi la shinikizo. Ukiwa bado kwenye aota, ateri kuu inayotoka moyoni, wimbi linapanda na kushuka lakini chini halifiki mbali. Ukivuka vali na kuingia ventrikali, kilele kinabaki palepale na bonde linaanguka ghafla mpaka karibu na sifuri. Ukiliona bonde hilo, funga uzi na usiuguse mrija tena.

Mrija wa pili ni wa kuvuta damu ya rejea, yaani sampuli ya damu inayovutwa kwa kasi unayoijua, ili chembe zake ziwe kipimo cha kulinganishia chembe za mfupa. Vitabu vingi vinakuelekeza kwenye ateri ya paja, na kwa anayepima figo au utumbo ni sawa. Kwa mfupa wa mguu wa nyuma ni kosa: ukifunga ateri ya paja, umeunyima mguu huo damu, na mifupa yake haifai tena kulinganishwa na ya mguu wa pili. Chukua ateri ya mkono, yaani mguu wa mbele. Ni nyembamba na inasumbua, lakini inakuachia miguu yote miwili ya nyuma ikiwa salama.

Mpe heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu ikiganda kwenye mrija wa rejea katikati ya jaribio, jaribio limekwisha.

Hatua ya tatu: kuandaa chembe

Chembe zilizokaa kwenye friji hutua chini ya chupa na kushikana. Itikise chupa kwa mashine, kisha itie kwenye beseni la mawimbi ya sauti dakika chache, halafu itikise tena. Kimiminika chake kiwe na Tween 80 (kitu kinachofanya kazi kama sabuni) kidogo sana, chini ya asilimia 0.1, ili chembe zisigandamane. Dondosha tone moja kwenye kioo na ulitazame kwa hadubini. Unataka kuona chembe mojamoja zilizotawanyika kama mtama uliomwagwa sakafuni. Ukiona vichane vya tatu-tatu au nne-nne, rudia. Kichane kimoja kitaziba ateri ndogo na kukupa namba ya uongo.

Vuta kipimo chako kwenye bomba la sindano dakika ile unayotaka kuingiza. Usiliache bomba limelala mezani ukitafuta mkasi, maana chembe zitatua tena.

Hatua ya nne: dakika mbili zenyewe

Uwe na mtu wa pili. Mmoja ashike saa na pampu, mwingine sindano.

Washa pampu ya kuvuta damu ya rejea kwa kasi isiyobadilika, kwa sungura mililita 2 kwa dakika. Hakikisha damu inakuja kweli kwenye bomba. Sekunde 10 hadi 20 baada ya hapo, ingiza chembe kwenye ventrikali taratibu, kwa muda wa sekunde 15 hadi 20, kisha sukuma mabaki kwa maji ya chumvi yenye joto la mwili. Pampu iendelee kuvuta angalau dakika moja na nusu baada ya sindano kumalizika. Usiizime mapema kwa kuogopa damu kupotea. Chembe zinazochelewa nazo ni sehemu ya hesabu, na ukizikosa, kila mfupa utaonekana una damu nyingi kuliko ilivyo.

Andika shinikizo la damu kabla, wakati na baada. Kama limeanguka chembe zilipoingia, andika hivyo na usilitumie jaribio hilo.

Kama unalinganisha kabla na baada ya dawa, rudia yote haya kwa chembe za rangi nyingine, na damu ya rejea iwe mpya kwenye bomba jipya. Huo ndio uzuri wa rangi: mnyama mmoja anakuwa kipimo cha kujilinganisha mwenyewe.

Mwisho, mnyama angali kwenye usingizi mzito, mzidishie dawa ya usingizi mpaka afe. Asiamke kamwe.

Hatua ya tano: kuutoa mfupa, kuupima uzito

Toa figo zote mbili, mapafu, na mifupa unayoitaka. Figo na mapafu ni mashahidi wako, tutawahoji baadaye.

Safisha mfupa nyama yote. Kuhusu utando unaoufunika, amua mapema kama unaubandua au unauacha, na ufanye hivyohivyo kwa wanyama wote, kwa sababu utando una mishipa mingi kuliko ganda lililo chini yake. Tenganisha ncha na shina. Pasua shina kwa urefu na uukwangue uboho kwa kijiko chembamba. Usiupime uboho na ganda pamoja: uboho mwekundu unapokea damu nyingi mara kadhaa kuliko ganda, na ukivichanganya namba yako itafuata kiasi cha uboho uliobakia, si hali ya mfupa.

Pima uzito hapohapo. Weka kipande kwenye mizani nyeti na utazame tarakimu ya mwisho: inashuka mbele ya macho yako, mfupa unapokauka hewani, hasa kukiwa na feni juu ya meza. Sisi tunaweka vipande kwenye kisahani chenye karatasi yenye unyevu na kifuniko, tunatoa kimoja kimoja, na tunasoma mizani kwenye sekunde ya kumi.

Hatua ya sita: kuyeyusha

Figo huyeyuka kwenye potasiamu haidroksaidi yenye ethanoli, kwenye joto la nyuzi 60, usiku mmoja. Mfupa hautikisiki kwa dawa hiyo peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni madini. Kwanza uutie kwenye asidi ya hidrokloriki. Utatoa povu la kaboni dayoksaidi, kwa hiyo usikaze kifuniko. Polistirini inaistahimili asidi na inazilinda rangi zilizo ndani yake. Kwa kipande chembamba siku moja inaweza kutosha, kwa kinene ni siku kadhaa. Umekwisha pale unapokunjika kama ufizi bila kitu kigumu ndani. Ondoa asidi kwa kuchuja, wala usimwage tu, maana chembe ziko ndani ya hayo maji. Suuza, ndipo uweke potasiamu haidroksaidi imalize protini na mafuta. Mafuta ya uboho hugeuka sabuni, ile kemia ya kupikia sabuni, na yasipogeuka yote huelea na kubeba chembe juu.

Kisha pitisha kila kitu kwenye chujio lenye matundu yasiyozidi mikromita 10, au zungusha kwenye sentrifuji. Chujio linapoteza chembe chache zaidi. Suuza kuta za chupa mara tatu kwa maji ya moto yenye Tween.

Kabla ya kuanza kuyeyusha, tia kwenye kila chupa idadi unayoijua ya chembe za rangi ambayo hukumwingizia mnyama. Mwishoni, kama ulitia 2,000 ukapata 1,700, umepoteza asilimia 15 njiani, na utasahihisha sampuli hiyo kwa kugawanya idadi ya chembe zake kwa 0.85. Bila chembe hizi za ushahidi huwezi kutofautisha mfupa wenye damu kidogo na chujio lililopasuka.

Damu ya rejea nayo ipitie hatua zilezile, na bomba lililoibeba lisuuzwe ndani ya chupa yake.

Rangi hutolewa ndani ya chembe kwa kiyeyushi. Kinachotumika sana ni ethoksiethili asetati. Hiki kina sumu inayodhuru uzazi. Fanya kazi ndani ya kabati la kunyonya mvuke, vaa glavu zinazokihimili, na mama mjamzito asishike kazi hii kabisa. Zifunike sampuli zisipigwe na mwanga, kisha uzisome kwenye fluorimita, mashine inayopima mwanga wa rangi hizo. Kama mwanga wa figo au wa damu ya rejea umepita kiwango cha mashine, zimua na usome tena.

Hatua ya saba: hesabu

Kanuni ni fupi. Damu ya kipande ni sawa na kasi ya pampu, mara chembe za kipande, gawanya kwa chembe za damu ya rejea.

Mfano: pampu ilivuta mililita 2.0 kwa dakika. Damu ya rejea ina chembe 20,000. Ganda la muundi lenye gramu 5 lina chembe 1,500. Basi 2.0 mara 1,500 gawanya kwa 20,000 ni mililita 0.15 kwa dakika. Gawanya kwa gramu 5, zidisha kwa 100: mililita 3 kwa dakika kwa gramu 100.

Sasa waite mashahidi. Linganisha figo ya kulia na ya kushoto. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, chembe hazikuchanganyika na damu, na hesabu yote ya mnyama huyo inatiliwa shaka, hata kama mifupa imekupa namba uliyokuwa ukiitamani. Kisha mapafu. Chembe zinazovuka kapilari hurudi na vena na kunaswa humo. Zikiwa asilimia chache tu ya zote ulizoingiza, ni sawa. Zikiwa nyingi, kuna njia za mkato kati ya ateri na vena, au chembe zako ni ndogo kuliko lebo inavyodai.

Kipande chenye chembe chini ya 400 kiripoti pamoja na idadi yake. Na usiandike "hakuna damu" kwa sababu tu hukuona chembe. Andika ni kiwango gani cha chini ambacho jaribio lako lingeweza kukiona.

Kama huwezi kutumia chembe

Chembe zinamtaka mnyama afe, na hazifai kwa mgonjwa. Leza ya Dopla, ambayo Stern aliionyesha kwa damu ya ngozi mwaka 1975, hutumika kwenye mfupa hata wakati wa upasuaji: unagusisha ncha ya uzi wa mwanga kwenye mfupa, na mwanga unaorudi kutoka kwa seli zinazotembea unabadilika. Inatoa jibu papo hapo, na inafuatilia badiliko la dakika kwa dakika, jambo ambalo chembe haziwezi. Lakini inaona kina cha milimita chache tu, na haikupi mililita. Inakupa vizio vyake yenyewe. Ukiitumia, bandua utando pale unapogusa, shikilia ncha kwa stendi badala ya mkono, na usome vilevile ateri ikiwa imebanwa, kwa sababu hata hapo mashine haionyeshi sifuri. Toa kiasi hicho kwenye kila usomaji.

Kwa binadamu ipo skani ya PET, inayopiga picha ya dawa yenye mionzi iliyoingizwa mwilini: maji yenye oksijeni 15, ambayo nusu-uhai wake ni dakika mbili tu, au floraidi 18, wenye dakika 110. Floraidi hushikwa na mfupa unaojengeka, kwa hiyo unachokisoma ni damu na ujenzi kwa pamoja, na unahitaji modeli ya hesabu kuvitenganisha. Hospitali isiyo karibu na saiklotroni, mashine ya kutengeneza dawa hizo za mionzi, haiwezi kabisa kutumia hiyo ya oksijeni.

Kama una chembe na una leza, tumia zote mbili kwenye mnyama mmoja: leza ifuatilie badiliko, na chembe ziseme badiliko hilo ni mililita ngapi. Weka alama ya wino pale ncha ya leza ilipogusa, ili baadaye ukate kipande hichohicho.